Chai Usinipoozee

Kwa mjukuu wangu, mume wangu mtoro,

Salamu nakupa, ingawa hustahili. Mume gani anamwacha mkewe msimu mzima bila hata kuchungulia dirishani? Hujambo lakini? Unakula? Mama yako anasema umebaki mifupa na koti jeupe. Mimi mzima, na meno yangu yaliyobaki yanakusalimu. Anayeniandikia ni jirani yangu fundi cherehani. Nimemwambia aandike ninavyosema, mapambo ayaweke kwenye magauni ya watu.

Mama yako kaniambia jambo lililoninyima raha. Eti unataka kuacha kazi ya maabara, eti umezeeka ukikoroga matone ya mafuta yasiyomfaa mtu, na unaona haya kuja kwangu mikono mitupu. Nikamjibu kichwa kigumu hicho umerithi kwa babu yako.

Sikusoma, lakini uliyonieleza pale jikoni sijayasahau. Ulisema jeni haiingii kwenye seli peke yake, lazima ibebwe. Mkaipakia kwenye tone la mafuta yenye chaji chanya, kwa kuwa jeni ina chaji hasi, na hizo mbili hushikana. Ngozi ya seli nayo ni hasi, basi tone likanasa hapo. Ila mafuta ya kwanza chaji yake ilikuwa kali mno, yakachana ngozi, seli zikafa sahani nzima, ukalia mbele yangu. Nikasema mgeni anayevunja mlango hapewi kiti, ukacheka na kamasi zako. Baadaye mkapata mafuta yenye adabu: kwenye damu yametulia, yakishamezwa na seli, kule ndani penye uchachu, ndipo yanapata chaji na kufungua mzigo. Hata mkia wa kila chembe ya mafuta hayo mliupinda kidogo, maana ulionyooka ulifanya tone kuwa gumu, halifunguki.

Sasa kaa chini, usinipigie kelele. Ile ganzi ya ukoo wetu, iliyommaliza dada yangu kuanzia vidoleni, ilikuwa imenifika viwikoni. Ndiyo maana ulikuwa ukinipoozea chai kabla ya kunipa kikombe, nisije nikaungua bila kujua. Daktari akanieleza kuna dawa inayojaribiwa, jeni ya kulirekebisha ini, maana ndilo linalotengeneza uchafu unaoua mishipa ya fahamu. Akasema inabebwa na mafuta ya maabara yenu. Nikaweka dole gumba kwenye karatasi yao, nikadungwa. Mama yako sikumwambia, wala wewe. Ningekufa, ungejilaumu maisha yako yote.

Juzi asubuhi nilishika kikombe, kikaniunguza. Nikakiangusha, kikavunjika, nikakaa sakafuni nikacheka mpaka fundi akaja mbio na futi yake shingoni, akidhani nimerukwa na akili. Kidole kimetoa lengelenge, nalitazama kama pete. Daktari anasema ni mapema mno kufurahi. Yeye na asubiri, mimi nimeshaungua.

Ahsante, mjukuu wangu. Kwa kila sahani iliyokufa ukaanza upya, ahsante. Kazi hiyo usiiache; vidole vilivyokufa ganzi duniani si vyangu tu.

Wasalimie wenzako. Fundi anauliza kama una mchumba. Nimemjibu unaye, ni mimi.

Bibi yako, mkeo wa kwanza.

Ukija, leta kikombe kipya, unimiminie wewe mwenyewe, na chai usinipoozee.