Funguo za Jengo la Pili

Dada yangu,

Sisi wazima, ila miguu yangu haitulii. Tangu zahanati yetu na maktaba ya jirani zikubaliane kutumia fundi mmoja, nashinda nikivuka uwanja: hapa bomba linavuja, kule kitasa kimegoma. Mshika mbili moja humponyoka.

Cherehani yako imepona? Watoto wanasoma?

Shemeji hutoka nyumbani saa ngapi? Mimi humkuta maktaba saa mbili asubuhi, amevaa ovaroli, amekaa benchi la wasomaji. Dada, kati yangu na mumeo walimbakiza mmoja. Funguo zake ninazo mimi, mwezi wa pili sasa.

Jana bomba la ghorofani lilipasuka, nikahangaika kutafuta koki ya kufungia maji. Aliinuka, akaenda moja kwa moja nyuma ya kabati, akaifunga, akarudi kukaa.

Kwa hiyo ovaroli ya jana imeloa kwa kazi kweli. Hizo nyingine umekuwa ukizifua zikiwa safi, na wewe ni mshonaji, nguo haikudanganyi. Naogopa ulishajua, ukawa unangoja mmoja wetu aseme.

Basi nimesema.

Mdogo wako,
mwenye funguo