Bonaventure, Kumbe Ulijua Kusoma

Ndugu yangu Bonaventure,

Kosa wanalofanya watu wengi wanapofiwa ni kudhani kwamba marehemu amemaliza mambo yake. Wanasema amepumzika, hana tena neno na mtu. Wanamzika, wanamsamehe yote, wanarudi nyumbani kuteka maji. Mimi pia nilifanya hivyo. Nilikusamehe hata habari ya mbuzi wako na mihogo yangu. Sikujua kwamba umeniachia jambo kubwa kuliko mbuzi, na kwamba ningelipokea wiki tatu baada ya mazishi, nikiwa nimeshika sahani ya wali mbele ya watu.

Nitakueleza kwa utaratibu. Unajua siwezi kueleza jambo bila kuanzia mwanzo, na ulikuwa unanicheka kwa hilo. "Mwalimu, nimekuuliza kama mvua itanyesha, wewe umeanzia kwa Nuhu."

Kwanza habari za hapa. Daforoza mkeo ni mzima, ila kifundo cha mguu bado kinamsumbua. Mahindi ya upande wa Juru yamenyauka kabla ya kubeba. Kiti chako cha plastiki, kile chenye mguu uliofungwa kwa waya, kiko palepale barazani kwangu. Hakuna anayekikalia. Wageni wanadhani ni heshima kwa marehemu, kumbe ni ule waya, unachana suruali. Mbuzi wako anaendelea na mihogo yangu, na sasa siwezi kumpiga, maana kila nikiokota fimbo ananitazama kama yatima.

Watu bado wananiletea karatasi. Unakumbuka ulivyoanza wewe? Ulikuwa umehamia jirani, sijajua hata jina lako, ukaja na karatasi ya zahanati umeishika kichwa chini miguu juu. Nikaigeuza polepole, kama ninavyowafanyia watu wa namna hiyo ili wasione aibu. Nikakusomea. Ukatikisa kichwa kama mtu aliyesikia neno jipya duniani.

Kuanzia siku hiyo, kwa miaka kumi na saba, nilikusomea kila kilichoandikwa katika makazi haya ya wakimbizi ya Nakivale. Matangazo ya ubaoni, pakiti za mbegu, kalenda ya parokia yenu. Ulinipa hata karatasi iliyofunga sabuni, nikakusomea kwamba sabuni hiyo inatoa povu jingi, ukasema, "Asante, Mwalimu, nilikuwa na wasiwasi." Tulipokwenda ofisini Isingiro, karani wa pale akakuuliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Mzee, wewe najua kuweka saini?" Kabla hajamaliza ulikuwa umeshanyoosha kidole gumba, kama mtu anayesimamisha bodaboda. Mimi nikasimama nyuma yako nikikuonea huruma.

Huruma hiyo nataka unirudishie.

Kisha nikaamua kukufundisha. Miezi mitatu, Bonaventure. Kila jioni kabla ya chakula nilichora herufi mchangani kwa bua la mtama. Nimefundisha darasa la kwanza kule Uvira tangu nikiwa kijana, watoto wenye njaa, watoto wenye malaria, na wote walitoka kwangu wakijua kutofautisha b na d. Wewe ulizichanganya kwa ufundi ambao leo ninauvulia kofia. Ukikosea jana huku, leo unakosea kule. Mwisho niliwaambia watu kwamba kichwa cha Bonaventure ni kizuri lakini mlango wake umefungwa kwa ndani. Siku iliyofuata uliniletea mkungu wa ndizi mbivu na kunishukuru kwa jitihada. Nilidhani unamshukuru mwalimu. Kumbe ulikuwa unanipa pole.

Sasa nije kwa Reveriani.

Mwanao alipomwoa Kyomugisha, binti wa Kinyankole kutoka Masha, bila kukuambia, ulisema mke huyo hatakanyaga kwako. Naye akahamia Kamukuzi, mjini Mbarara, akaacha kupokea simu zako, akawa anatuma ujumbe tu. Kila ujumbe ulipoingia ulinikimbilia na ile simu ya vibonyezo. Mimi nikajiona nimepewa kazi na Mungu mwenyewe. Nilifikiri: huyu baba hawezi kusoma, huyu mtoto ana maneno makali, katikati nipo mimi. Nitayapoza.

Reveriani aliandika, "Kama mke wangu hana nafasi kwako, na mimi sina. Usinitafute." Mimi nikakusomea, "Baba, kazi ni nyingi, mke wangu anakusalimu, tutatafutana." Kisha ukasema, "Soma tena." Sasa, mtu akisoma uongo mara moja ni rahisi. Mara ya pili lazima aukumbuke. Nilikohoa, nikasoma tena, na kwa bahati mbaya nikaongeza kwamba mkwe wako ana mafua. Ukanitazama bila kupepesa macho. "Sasa hivi alikuwa ananisalimu. Mara hii ameshapata mafua? Simu hii inaenda mbio." Nikacheka nawe. Nilicheka na mtu aliyekuwa ameshausoma ujumbe ule njiani, kabla hajafika kwangu.

Na majibu. Wewe ulikuwa unasema, "Mwambie mimi ni baba yake," basi. Mimi naandika, "Mwanangu mpenzi, nimeupokea ujumbe wako kwa moyo mkunjufu, na kama ujuavyo, mti haukatai matawi yake." Vidole vilikuwa vinaniuma kwa kubonyeza. Unaniuliza, "Umemwambia?" Nakujibu, "Nimemwambia." Unachukua simu yako na kwenda nyumbani.

Ulipougua na kupelekwa hospitali Mbarara, nilikaa kando ya kitanda chako na kuandika ujumbe mrefu kuliko yote. Niliweka ndani yake mwana mpotevu, mvua na jua, na maji yasiyosahau mto. Siku ya pili Reveriani akaingia, na Kyomugisha nyuma yake ameshika termosi ya uji wa mtama. Ukamshika yule binti mkono na hukuuachia mpaka uji ukapoa. Mimi nilikuwa dirishani. Nilijigeuza nitazame nje, nisiwaonyeshe watu uso wangu, kwa sababu nilikuwa najipongeza.

Siku tano baadaye ukafariki.

Kwenye mazishi nilisimama kusema. Mbele ya katekista wenu, mbele ya Waprotestanti wenzangu waliotembea kutoka Rubondo, niliwaeleza jinsi ujumbe mmoja ulioandikwa vizuri ulivyomrudisha mtoto kwa baba yake. Sikusema ni nani aliyeuandika. Lakini nilisema kwa namna ambayo hata mbuzi alielewa. Reveriani alikuwa ametazama chini. Nilidhani ni uchungu.

Siku ya kuanua matanga alikuja kukaa karibu nami. Akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, sitaki usikie hili kwa mtu mwingine." Akanipa simu yake.

Ujumbe wangu wote ulikuwepo, mmoja baada ya mwingine. Na chini ya kila mmoja, baada ya muda mfupi, kulikuwa na mwingine mdogo kutoka nambari ileile. Ni wako. Uliandika kwa Kirundi, lugha ninayoielewa kama jirani anavyoielewa, na nilielewa kila neno. "Huo mrefu ni wa mwalimu. Mimi nasema bado nina hasira, lakini kula vizuri." Chini zaidi: "Mwalimu anasema mkeo ana mafua. Ni kweli?" Chini zaidi: "Usimjibu mwalimu vibaya. Ana moyo mzuri, ila maneno yanamzidi."

Na wa mwisho, wa hospitali, chini ya mwana mpotevu wangu na mito yangu yote: "Niko wodi ya wanaume, kitanda cha karibu na mlango. Njoo na mkeo. Nilikosea."

Huo ndio uliomleta. Reveriani hakulisema, lakini mimi nina macho. Nilirudisha simu, nikamaliza wali wangu hata sijui kama ulikuwa na chumvi. Neno hilo, nilikosea, hukuwahi kuniambia niliandike. Ungeniambia ningeliandika. Labda ningeliongezea mto.

Asubuhi nilikwenda kwa Daforoza. Nilimuuliza moja kwa moja, mumeo alijua kusoma? Akaniuliza, "Nani amesema?" Nikamwambia. Akaanza kucheka, akashika mlango. Akanieleza kwamba vipande vyote vya gazeti vilivyofunga samaki ulikuwa unavipeleka chooni na kuvisoma mpaka mwisho. Hapo nikakumbuka jinsi nilivyokuhangaikia. Nilidhani una tumbo gumu. Nilikuletea mbegu za papai, nikakueleza jinsi utumbo unavyofanya kazi, nikakuchorea na utumbo wenyewe, nawe ukazitafuna mbegu zile mbele yangu, moja moja.

Kisha Daforoza akaacha kucheka. Akanisimulia kuhusu baba yako, kwamba alikuwa mwalimu wa misheni, na kwamba mwaka ule wa mauaji kule Burundi waliotafutwa kwanza ni waliojua kusoma, na kwamba walimtambua kwa kalamu iliyokuwa mfukoni mwa shati. Ulikuwa na miaka kumi. Mama yako aliunguza daftari lako jikoni akakuambia, "Kuanzia leo hujui hata herufi moja. Mtu akikuonyesha karatasi, igeuze."

Miaka kumi na saba, na hukuniambia.

Naelewa. Kuelewa ni kazi yangu, na tangu siku ile nimejieleza jambo hili mara nyingi kuliko nilivyowahi kueleza jambo lolote darasani. Kule kwetu mtu mwenye kalamu mfukoni anapishwa njiani. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtoto aliyeiona kalamu ikimpeleka baba yake. Ninaelewa kwa nini uliificha kwa karani, kwa askari, kwa jirani wa kwanza na wa pili. Lakini mimi? Ulinishika mkono nilipomzika mke wangu. Ulilala kwangu siku nane ili nisiwe peke yangu. Nilikuambia mambo ambayo hata mchungaji wangu hayajui. Mimi nilikukabidhi vyangu vyote, na wewe uliniachia kidole gumba.

Nilimuuliza Daforoza kwa nini. Hakutaka kusema. Nilipomsisitiza alisema, "Alikuwa anakupenda, Mwalimu. Lakini alisema wewe huwezi kukaa na jambo zuri. Ungefurahi, ungetangaza."

Hapo ndipo uliponiumiza, Bonaventure, kwa sababu ni kweli. Ningetangaza kanisani. Ningesema ni mwanafunzi wangu.

Najua utasema mimi nami nilikudanganya. Kweli. Tulikaa pale barazani, mwongo na mwongo, chai katikati, na kila mmoja akimhurumia mwenzake. Lakini wewe ulijua tunacheza. Mimi nilidhani tunaishi. Hiyo ndiyo tofauti, na bado nina hasira nayo. Nimeacha hata kuamkia upande wa nyumba yenu asubuhi, ingawa ninajua wewe huwezi tena kuitikia.

Tangu hapo ninasoma kilichoandikwa, bila kuongeza wala kupunguza. Juzi yule mjane wa kutoka Fizi, anayeuza dagaa njia panda, aliniletea ujumbe wa kaka yake. Kaka alisema hana msaada na asiandikiwe tena. Nilimsomea hivyohivyo, nikangoja alie. Hakulia. Akasema, "Asante, Mwalimu. Leo ni yeye." Nikamuuliza ana maana gani. "Zile ulinisomeaka zamani zilikuwa zinanisalimia mingi. Kaka yangu hajasalimiaka mutu hata siku moja. Sisi wote tulijuaka tu kama unaongezaka."

Basi kijiji kizima, Bonaventure. Na mbuzi.

Reveriani na mkewe wanakuja kila Jumapili ya pili. Kyomugisha anamkanda Daforoza mguu, na wanaongea lugha tatu katika sentensi moja. Mtoto anatarajiwa. Reveriani ameniomba nimfundishe akifika umri, nami nimekubali, kwa sharti kwamba kwanza mtoto ataniambia ukweli kama anajua tayari.

Sasa nakuaga, ndugu yangu. Sikuagi kwa moyo mweupe, na sitaandika kwamba umeniachia pengo, maana hilo ungelisoma ukacheka. Ninaaga nikiwa nimekasirika, na ninakuahidi jambo moja. Katika makazi haya, tunaojua habari ya chooni na ya kalamu ni mimi na Daforoza na mwanao. Kutoka kinywani mwangu haitamfikia wa nne, wala kanisani, wala njia panda, wala siku nitakapokuwa naugua na kupayuka. Ulisema mwalimu hawezi kukaa na jambo zuri. Nitakaa nalo.

Barua hii nitaiweka chini ya jiwe la kichwani pako, maandishi yakiangalia juu. Sitakusomea. Huko uliko hakuna anayepita akitazama mifuko ya watu. Isome mwenyewe leo, kwa sauti.