Nani Hasikii Baridi Julai?

Jumanne, 15 Julai 2025

Ukungu tangu asubuhi. Kibirichia yote imefunikwa kama mtoto mgongoni. Kutoka kwa kaunta ya kemisti unaona gambuti zikija peke yake, halafu uso unafuata — kama ufufuo! Mungu nisamehe, nilicheka.

Saa nne akaingia Ireri, yule mtu wa Embu anayechimbia watu viazi hapa. Kofia ya sufu mpaka kwa nyusi. Ana homa, anasikia baridi, mwili wote unauma. Anataka ile antibaiotiki ya rangi mbili.

Nikamwambia, "Nani hasikii baridi Julai? Hata mimi niko na sweta tatu!" Akacheka, meno yakigongana.

Basi yale ya Joyline yakanitoka kama mstari wa Biblia. Joyline ndiye mfamasia, mwenye duka. Nimemzidi miaka ishirini, lakini kwa dawa yeye ni mwalimu wangu. Husema si kila mtu atoke na antibaiotiki, mwingine atoke na maneno mazuri. Kwa hivyo: maji moto, ndimu, asali. Lala. Jifunike. Siku nne hivi itaisha yenyewe. Nikampa vidonge vya maumivu, basi.

Akaniachia ndengu kwa mfuko wa karatasi. "Za mama," akasema. Nikambariki huyo mama nisiyemjua.

Miaka kumi na moja kwa kaunta, mimi wa darasa la nane tu, na mtu mzima ananisikiliza akirudia kila neno kwa midomo asisahau! Mvuke wa chai ukanipanda usoni. Nikawaza, labda huu ndio utume wangu. Wengine walipewa kuhubiri.

Jumatano, 16 Julai

Nimeota natembea kwa shamba la viazi, maua meupe mpaka mlimani. Kila ua likiniuliza, Mama Kendi, nifanye nini? Na kila moja nilikuwa na jibu lake.

Kendi, binti yangu, ananiambia kemisti imenipanda kichwani. Wacha ipande.

Alhamisi, 17 Julai

Siku yangu ya kupumzika. Mchana jua kidogo, nikakaa nje na ungo kuchagua zile ndengu. Vidole vinaenda, mawazo yanaelea. Mawe madogo, mchanga mwekundu. Si udongo wetu huu. Nikaona kama ndoto kule zilikotoka — joto, mbuzi, mama mzee akipepeta, mbu jioni —

Mbu!

Ndengu hazimei Kibirichia. Ireri alikuwa ametoka kwao Mbeere, kule Embu ya chini kwenye joto. Sisi hapa juu hatuna mbu, tukisema homa ni mafua. Lakini Ireri hakuwa na kamasi. Hakukohoa hata mara moja. Nilijibu neno, mtu mwenyewe sikumwangalia.

Nikakimbia dukani na aproni. Joyline: "Ulimuuliza ametoka wapi?" Hapana. "Ulimpima joto?" Themomita iko kwa droo, sikuitoa. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Akasema tu, "Mama Kendi, hiyo inaweza kuwa malaria. Tumtafute leo leo."

Tumezunguka soko lote. Mwongera wa lori la viazi akasema, "Yule wa Embu? Hatujamwona tangu Jumanne. Pengine baridi imemrudisha kwa mamake!" Vijana wakaangua kicheko. Mvua ikatufukuza. Hakuna anayejua analala wapi.

Bwana, umtunze mpaka nimfikie. Sina maombi mengine.

Ijumaa, 18 Julai

Naandika kwa benchi la zahanati. Nikikaa bure ni vibaya zaidi.

Tumempata saa mbili asubuhi, nyuma ya posho mill ya kusaga mahindi, kwa vyumba vya kupanga vya Nelius. Nelius akatuzuia kwa geti. "Msimwamshe! Anatoa jasho, anafuata ya daktari."

"Daktari gani?"

"Wa kemisti. Jana nilitaka kumpeleka hospitali, akakataa kabisa. Anasema alielezwa vizuri."

Alielezwa vizuri.

Blanketi tatu. Maganda ya ndimu yamepangwa kwa stuli, mstari mmoja, kama mtoto anayetaka mwalimu aone kazi yake. Macho yamekuwa ya njano. Akanijua, akajaribu kuinuka. "Mama, ndimu imeisha. Niendelee na maji tu?"

Nikamshika mkono, ni kama kushika sufuria. Nikamuuliza sasa yale ambayo sikumuuliza Jumanne. Wiki tatu alikuwa kwao akivuna. Neti ni moja, alimwachia mama.

Mwongera amemleta kwa lori, juu ya magunia, mimi nimemshika kichwa. Leo hakuna utani. Wamemtoboa kidole kupima malaria, wakamwingiza ndani. Pazia la kijani linapepea polepole, polepole, unaweza kulala ukiliangalia. Joyline yuko kando yangu. Tumeomba.

Siku tatu alikuwa akingoja kupona kwa neno langu.

Pazia limefunguliwa. Daktari ana karatasi mkononi, anauliza ni nani alimwambia huyu mtu akae nyumbani. Joyline ameinuka, anasema, duka ni langu. Nimemvuta koti, akae. Wacha nifunge daftari —