Nje ya Uzio

Louisville, Jumanne, Novemba 2015

Bado maneno ya msimamizi yananizunguka kichwani. Linda, Mmarekani ninayefunga naye maboksi, amefiwa na mumewe. Jumapili nilikwenda kwake na sufuria ya maharage bila kupiga simu, nikakaa sebuleni hadi giza likaingia, kama tunavyokaa matangani kwetu. Mwanawe amelalamika kazini. Leo msimamizi ameniita ofisini, akasema nilichofanya ni "beyond the pale". Niliitikia tu, nikidhani... sijui nilidhani nini.

Jioni nikamuuliza binti yangu Neema. Akatazama simu yake.

"Mama, ni kuvuka mpaka wa adabu. Hilo neno la mwisho, "pale", zamani lilikuwa mti wa uzio. Ndani kuna sheria ya mfalme, nje hakuna wa kukulinda."



Uzio huo naujua. Kule kambi ya wakimbizi Tanzania haukuwa hata na miti, kibao tu cha mpaka kando ya njia. Mama alipofariki, dada yangu Odeta alikipita akatafute kuni za kuwapikia waliokuja kutupa pole. Hakurudi. Watu wakasema, "Alifuata nini nje?"

Nikifumba macho namwona, na ile kamba ya kuni begani.

Naogopa kufukuzwa kazi. Neema ameniuliza, "Mama, you're not going back there, right?" Nimemjibu siendi tena kwa Linda.

Lakini Jumapili, mlangoni, Linda hakutaka kuuachia mkono wangu. Na maharage nimeshayaloweka.