Wimbo wa Mutembei na Jembe la Umeme

Jumatatu, 2 Septemba 1996
Programu mpya ya muziki imefika ofisi ya parokia, hapa Buhembe. Ile ya zamani imekufa pamoja na kompyuta yake. Sista Benigna ameniita tuhamishe nyimbo za kwaya kutoka kwenye disketi. Tumeanza na wimbo wa maziko, utunzi wa Mutembei, mwalimu wetu wa kwaya. Umefunguka — kwa mwendo wa harusi! Besi zimegeuka tarumbeta. Maneno yamekuwa vijiboksi vitupu. Sista amecheka hadi akavua miwani.

Mimi sikucheka sana. Mutembei yuko kitandani, amekonda, sauti imekwisha. Anataka azikwe kwa wimbo huo, sauti zote nne. Karatasi zililiwa na mchwa. Waimbaji wa sauti ya tatu tumewazika karibu wote. Imebaki kwenye disketi tu.

Jumanne, 3 Septemba
Tumepunguza mwendo. Kisha akaingia Bartholomayo, mzee wa mtaa. Kuna msiba kwa jirani, maiti haijazikwa, hakuna kulima. Nikamwambia hatulimi. Akauliza mbona basi Sista anatokwa jasho. (Feni ni mbovu.) Kinachotoa jasho, kasema, ni jembe. Kafunga mlango, kaondoka na ufunguo.

Alhamisi, 5 Septemba
Jana tumezika. Leo tumenyoosha sauti mbili za akina mama. Kabla ya chakula cha mchana — msiba mwingine. Jembe chini. Hatuwezi kutengeneza wimbo wa maziko kwa sababu ya maziko!

Jumamosi, 7 Septemba
Marehemu wa Alhamisi bado hajazikwa, ofisi imefungwa. Nimekwenda kwa Mutembei. Nilipomsimulia tarumbeta alicheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi. Vita vya mwaka 1978 viliponitoa kwetu Minziro, mpakani, ni yeye aliyenikatia kipande cha kibanja chake cha migomba na kusema sasa kwetu ni hapa. Hajawahi kuniita mgeni.

Akanong'ona: "Kaka, mkishindwa, tarumbeta ziacheni. Ila msinizike kimya."

Jumatatu, 9 Septemba
Mutembei amefariki alfajiri. Mazishi kesho. Sauti ya tatu na ya nne bado.

Nimemkuta Bartholomayo kizingitini mwa ofisi. Nikamwambia wimbo ni wa marehemu mwenyewe. Akaugeuzageuza ufunguo kiganjani. Naye huimba besi. Halafu uso ukamng'aa. Sista, kasema, ni mzaliwa wa hapa, desturi inamfunga. Lakini mimi?

"Waitu," akaniita kwa heshima ya Kihaya, "wewe kwenu ni Minziro. Maiti ya watu haimzuii mgeni kulima."

Ufunguo atanipa. Nitamke tu, mbele yake na ya Sista, kwamba mimi ni mgeni hapa na Mutembei hakuwa ndugu yangu. Kasema ni maneno tu.

Nimekaa kwenye benchi, naandika haya badala ya kujibu. Ufunguo uko juu ya goti lake. Sista amesimama mlangoni, ananitazama. Kwa akina Mutembei wameanza kulia. Na umeme, ajabu ya leo, upo —