Trekta Mbili za Kwai na Neno "Zibaki"

KITUO CHA POLISI, LUSHOTO
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Anord Martin Shemdoe
Umri: Miaka 66
Kazi: Mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, sasa mkulima
Makazi: Kwai
Dini: Mkristo, Mlutheri
Tarehe: 7/3/2024, saa 4:35 asubuhi

Mimi niliyetajwa hapo juu nakumbuka vizuri, na naomba afande aandike kama ninavyosema bila kunifupishia.

Hapo kijijini mimi ndiye ninayeandikia watu hati za mauziano. Sijateuliwa na mtu, ni mwandiko wangu tu unaosomeka. Nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na mmoja.

Mnamo tarehe 9/11/2023, saa nne asubuhi, niliitwa nyumbani kwa shemeji yangu Evelina, mjane wa marehemu kaka yangu. Alikuwa anauza shamba lake la bondeni kwa Suleimani, mfanyabiashara wa viazi kutoka Tanga. Ndani ya shamba kuna banda la mabati, na bandani kulikuwa na trekta mbili mbovu, Ferguson nyekundu na moja ya buluu, pamoja na jembe la diski. Kaka alilima nazo bonde zima la Kwai enzi za uhai wake. Tangu afariki hazijawaka, lakini shemeji alikuwa akizifuta vumbi kila Jumamosi. Hilo kila mtu analijua, isipokuwa Suleimani, kwa kuwa ni mgeni.

Tulizunguka mipaka, tukahesabu masale yote, ile mimea ya mpakani, kisha tukakaa kuandika. Shemeji Kiswahili anakisikia kidogo tu, na jambo zito hulisema kwa Kishambaa. Tulipofika mwisho alinigeukia akasema kwa Kishambaa, ambacho Suleimani hakijui, kwamba trekta na jembe zibaki kuwa zake, zikae pale bandani mpaka mwanawe Aron apate pa kuzipeleka.

Karatasi ilikuwa imebakiza mstari mmoja kabla ya nafasi ya sahihi. Niliandika: "Trekta mbili na jembe la diski zibaki." Nikaweka nukta. Kichwani kwangu maneno ya shemeji yalikuwa bado yanalia, kwa hiyo sikuona kama kuna kitu kimepungua.

Suleimani aliusoma ule mstari mara mbili, akaniuliza, "Zibaki, mwalimu?"

Nikamjibu, "Ndiyo, zinabaki."

Akasema, "Basi nashukuru, nimepata na vyuma." Akacheka. Mimi nilidhani ananitania, nami nikacheka. Shemeji alituona tunacheka akaweka dole gumba.

Mnamo tarehe 5/3/2024, saa tatu asubuhi, nikiwa napalilia kabichi, nilisikia mlio wa chuma kikikatwa. Niliteremka bondeni. Nilikuta Fuso imesimama mlangoni pa banda. Trekta ya buluu ilikuwa imeshapakiwa vipandevipande, na vijana wawili wa chuma chakavu wanaikata ile nyekundu kwa gesi. Suleimani alikuwa amesimama pembeni. Aliniamkia shikamoo vizuri kabisa, bila wasiwasi wowote. Nilimuuliza anafanya nini. Alisema anauza vyuma alivyovikuta shambani kwake apate nafasi ya kuweka mbegu. Nilipomwambia ni mali ya Evelina, alitoa hati mfukoni, akaikunjua na kuniambia, "Mwalimu, huu si mkono wako?"

Niliisoma. Ilikuwa kweli mkono wangu. Pale pale nilielewa, na nilinyamaza. Naona aibu kusema hivyo, lakini nilinyamaza.

Shemeji alifika akiwa peku. Aliokota usukani uliokuwa chini kwenye majani, akaukumbatia ungali na joto la gesi, ukamuunguza mkono. Aliniambia kwa Kishambaa, "Mwambie huyu ni mwizi." Sikumwambia. Baadaye mgambo walikuja wakamchukua Suleimani, nami nikarudi kwenye kabichi zangu kama mtu ambaye hayamhusu.

Jana saa mbili asubuhi mke wa Suleimani, aitwaye Selina, alikuja kwangu akitokea kumpelekea mumewe chai hapa kituoni. Alinisalimia, akasema, "Mwalimu, mume wangu alisoma kilichoandikwa. Angesoma nini kingine?"

Mchana shemeji naye alikuja. Aliniambia nikiulizwa niseme niliandika alichosema yeye, basi, na kwamba nikisema vingine nisikanyage tena uani kwake. Ule ndio mji wa kaka yangu, na ndipo nilipokulia. Nampenda shemeji na ninamheshimu. Lakini alichosema sicho nilichoandika.

Suleimani si mwizi. Aliniuliza na nikamjibu vibaya. Neno lililomtia ndani nimeliacha mimi, nalo ni "zake". Hati nyingine nilizoandika pale kijijini nazo zikaguliwe, maana sasa sijiamini.

Haya ndiyo maelezo yangu, nimeyatoa bila kulazimishwa, na kosa lililosababisha yote haya ni langu.

Sahihi: A. M. Shemdoe

UTHIBITISHO WA MPOKEA MAELEZO
Mimi Koplo Zainabu nimemsomea shahidi maelezo haya saa 6:10 mchana, akakubali ni sahihi na kusaini mbele yangu. Nimeyapeleka kwa mkuu wa upelelezi pamoja na ombi la kumwachia mtuhumiwa.

Shahidi alipotoka alimkuta mlalamikaji Evelina kwenye benchi la nje, amefungwa bandeji mkono wa kulia. Alimweleza alichokisema humu ndani. Mlalamikaji alimwambia maneno machache kwa Kishambaa na kuondoka. Mimi Kishambaa sikijui. Nilimwomba shahidi anitafsirie niyaandike kwenye jalada. Alikataa. Alisema nitafute mtu mwingine.