Maua Yenye Miguu

Kirolirwe, 26 Septemba 2021

Kaka yangu Mucyo,

Kabla ya salamu nikuambie neno ambalo sijamwambia mutu yeyote: mimi huongea na kaktusi yako. Tangu ulipoiacha hapa nyumbani, saloni, ukaenda kufundisha Ntoto, kila nikitoka masomoni ninakaa mbele yake na kuisimulia mambo yote. Mbele ya watu sauti yangu hukatika, unajua. Mbele ya kaktusi haikatiki. Tafadhali usicheke. Ao cheka, lakini usimwambie Papa.

Sasa salamu. Afya yako? Mvua ya huko inakuachia hata siku moja ya kuanika nguo? Sisi tuko wazima. Ng'ombe wetu Gaju amezaa, na Papa ana furaha kushinda siku nilipofaulu mutihani.

Kaktusi bado iko katika lile kopo la maziwa ya unga ambalo Papa hataki hata kulitazama. ("Nyumba ya wafugaji, na kopo ya unga juu ya meza! Wageni watasema ng'ombe zetu zinakamuliwa unga?") Siku hizi imetoa vitu vyeupe kama pamba kwenye viganja vyake, vile vipande bapa vya miiba. Mama alipoviona alipiga magoti. "Imechanua! Nimeomba Mungu amupatie Mucyo bibi, na tazama, imevaa shela!" Amewaambia wamama wote wa kikundi cha maombi. Kiongozi wao, Mama Nyirabagenzi, ameshaanza kuwataja wasichana.

Lakini kaka, nilivaa miwani ya Papa nikatazama karibu. Ua moja lilitembea.

Nifanye nini?

Mudogo wako,
Murekatete


Ntoto, 8 Oktoba 2021

Mudogo wangu mupenzi,

Barua imefika, na nusu ya jibini. Jean de Dieu wa pikipiki anasema barabara ilikuwa mbaya. Sijaelewa barabara inakulaje jibini, lakini nilimushukuru. Mwili ni muzima. Nguo hazijakauka tangu nifike. Wasalimie Papa na Mama, na Gaju pia.

Hao wasichana wanaotajwa wananitia woga kushinda wadudu, kwa hiyo tufanye haraka. Chukua sindano, toa pamba moja, ipondee juu ya karatasi nyeupe. Ikitoka rangi nyekundu kama damu, hao ni wadudu wanaofyonza maji ya kaktusi. Ile pamba ni nguo yao; wanajificha ndani yake, dawa ya kumwagia tu haiwafikii. Itenge kaktusi mbali na mimea mingine. Chovya pamba safi katika alkoli ya disipensere, ile ya kusafishia vidonda, ujaribu kwanza kiganja kimoja. Kesho yake, kama hakikuungua, uwafute wote, hasa kwenye viungo. Siku hiyo usiiweke juani. Baada ya wiki urudie, maana wale wadogo wanaoanguliwa hawasomi barua zetu.

Tena uchunguze: hakuna mumea mugeni uliowekwa karibu yake? Wadudu hao hawashuki mbinguni. Na Mama umwambie mapema.

Kuhusu kuongea na kaktusi, sicheki. Mimi hapa ninaongea na sufuria.

Kaka yako mukubwa,
Mucyo


Kirolirwe, 17 Oktoba 2021

Kaka Mucyo,

Pokea salamu za mutu mwenye aibu. Mwili hauna ugonjwa, lakini jina langu ni mahututi.

Nilipondea mumoja: nyekundu! Na mumea mugeni upo. Mwezi wa nane Mama Nyirabagenzi alimupa Mama kiganja cha kaktusi kutoka lupango yake, pale uani kwake, na Mama alikipanda katika kopo lilelile, vikae viwili kama ndugu.

Nilijaribu kumwambia. Nilifika kwenye "Mama, yale maua..." naye akanikumbatia: "Ndiyo, mutoto wangu, njo alama ya Mungu!" Maneno mengine yakabaki tumboni. Papa ndiye alinisikia nikisema "wadudu" peke yangu. "Njo kupe hizo!" akasema, akaja na pompi ya kunyunyizia ng'ombe mugongoni. "Hii dawa inaangusha kupe ya ng'ombe dume. Itashindwa na kitu ya kopo?" Nilisimama mulangoni na mikono wazi. Akarudi nayo.

Sasa aibu yenyewe. Disipensere alkoli imeisha. Nikawaza kama mwanafunzi wa biokimia: alkoli ni alkoli. Nikaenda kwa Mama Dancille kununua kanyanga, ile pombe kali anayopika. Nilichagua saa ambayo hakuna mutu anapita. Akapita Papa Edmond, mwalimu wetu wa korali. Alitazama chupa, akanitazama.

"Murekatete. Hata weye?"

"Ni ya kaktusi," nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia.

"Ya nani?"

Nikakimbia. Kukimbia na chupa, kaka, ni kubaya kushinda kusimama nayo.

Amenitoa korali mpaka nitubu. Mama analia: "Kaktusi inachanulia mutoto mumoja, mwingine anaanguka!" Jumapili ijayo kikundi chote kinakuja nyumbani kushukuru kwa ajili ya maua na kuombea ulevi wangu, kwa safari moja.

Chupa nimeificha ndani ya gunia la mahindi. Nilijaribu kiganja kimoja na hakikuungua. Kuendelea siwezi, Mama analinda kaktusi kama mutoto muchanga. Viganja viwili vimekuwa manjano. Nikisema kweli, ninamwaibisha Mama mbele ya rafiki zake. Nikinyamaza, mimi ni mulevi na kaktusi inakufa. Jibu upesi, ninakuomba.

Mudogo wako,
Murekatete


Ntoto, 28 Oktoba 2021

Mudogo wangu,

Uko muzima? Barua yako imefika leo. Daraja lilivunjika, Jean de Dieu akalala njiani, na safari hii hata harufu ya jibini haikufika.

Jumapili imeshapita. Nimeandika majibu mawili nikayapasua, maana hakuna linaloweza kukusaidia tena. Umefanya nini?

Kaka yako,
Mucyo


Kirolirwe, 7 Novemba 2021

Kaka Mucyo,

Salamu nyingi. Sisi tuko wazima, na mugonjwa wetu pia. Kaktusi inakaa peke yake nyuma ya jiko. Vile viganja vya manjano tulivikata tukavichoma, na kile kigeni pia. Nimeshafuta tena, na kila Jumamosi ninachungulia viungo kwa miwani ya Papa. Mumea mugeni sasa unalala nje kwanza, mpaka tuujue tabia. Mama anasema alama haijafutika: "Mungu anaweza kutuma hata wadudu." Musichana anaitwa Tumukunde. Hapo siwezi kukusaidia.

Nilimungojea Jean de Dieu mpaka Jumamosi jioni. Hakuja. Jumapili wamama wakaja. Mama aliweka kaktusi katikati ya meza, juu ya kitambaa chake cha kufuma, na mimi nikawekwa kando yake.

Mama Nyirabagenzi akainuka. "Ngoja niguse hii baraka." Alipoinua vidole vilikuwa vyekundu.

"Damu!" mumoja akalia.

Wote wakaanguka magoti. Mama yetu alikuwa na furaha hata sikuweza kumutazama. Nilifungua kinywa kuwaambia, na sauti ikakatika. Basi nikageukia kaktusi.

"Kaktusi," nikasema, "unisamehe. Haya si maua. Ni wadudu, wanakunywa maji yako. Walikuja na kiganja cha lupango ya Mama Nyirabagenzi. Ile kanyanga nilinunua kwa ajili yako, sikuonja hata tone. Mama aliona maua kwa sababu anamukumbuka Mucyo. Na mimi nilinyamaza kwa sababu sikutaka wamucheke."

"Anasema na nani?" mumoja akanong'ona.

"Na kopo."

"Yesu wangu, amekunywa leo tena!"

"Nyamazeni," Mama Nyirabagenzi akasema. "Mutoto, leta hiyo chupa." Nikaileta. Aliinua kwenye dirisha: ilikuwa imejaa karibu yote. Akanusa. "Hii iko ya Dancille. Ile ya kwanza, yenye nguvu."

Wamama wakamugeukia.

"Watu njo wanasema hivyo," akasema.

Kisha akatazama vidole vyake sana, akamugeukia Mama. "Vénantie, kaktusi ya lupango yangu yote iko nyeupe. Tangu mwezi wa sita. Na mi niko nangojea ndoa ya Yves!"

Yves wake ana miaka tisa.

Mama ndiye alicheka wa kwanza. Alicheka mpaka akashika meza, na wengine wakamufuata. Kisha akasema, "Leteni pamba." Na kwangu: "Siku ingine usemee na mimi. Mi pia niko na masikio, kushinda hiyo kopo."

Tukafuta wote pamoja, kila mutu kiganja chake, wakiimba. Saloni ikanuka kama kwa Mama Dancille. Papa akachungulia na pompi yake, akairudisha.

Hapo tukasikia hodi. Alikuwa Papa Edmond, amekuja kusaidia kuniombea. Alikuta wamama wa maombi wanaimba na kanyanga mikononi, na Mama Nyirabagenzi, vidole vyekundu, ameshika chupa.

"Mama Nyirabagenzi," akasema. "Hata weye?"

Wimbo ukakatika. Wote wakanitazama.

Nilisimama. Nikamwambia Papa Edmond, yeye mwenyewe, si kaktusi: "Ni ya kaktusi. Karibu." Nikamupa kipande cha pamba, nikamuonyesha kiganja ambacho bado hakijafutwa, nikakaa nikaendelea na changu.

Mudogo wako,
Murekatete